Risasi za Milimita Sita

Mwezi uliopita nilikuwa nabishana na bwana mmoja aliyekuja kuondoa vitu katika nyumba ya Tonton Deo, mjomba wangu, kule Laeken, Brussels. Tonton amehamia nyumba ya wazee, na nyumba yake lazima irudi kwa mwenye kupangisha ikiwa tupu. Yule bwana alitaka kabati la jikoni peke yake. Mimi nilitaka achukue na magodoro matatu. Tulikuwa tumefika kwenye magodoro mawili na nusu, hiyo nusu sijui angeikata na nini, nilipovuta droo ya chini na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu: kiberiti kilichozimwa, mafuta ya cherehani, na nanaa kwa mbali. Ndani ya kopo la peremende kulikuwa na risasi ndogo kuliko punje za mahindi. Nilizihesabu: kumi. Nikahesabu tena, kwa sababu ndivyo nilivyo: kumi. Yule bwana alinitazama usoni, akasema bon, sawa, madame, atachukua magodoro yote. Kwa mara ya kwanza maishani nilishinda mapatano bila kufungua mdomo, na sikufurahi. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka kumi na nusu, na wivu wa siku zile ulikuwa palepale nilipouacha.

Bunduki yenyewe haipo. Sheria ilipobadilika Tonton aliipeleka polisi, akapewa karatasi yenye muhuri, na ile karatasi aliitunza vizuri kuliko alivyoitunza bunduki.

Wakati huo tulikaa Evere, ghorofa ya tano: Mama, mdogo wangu Nabintu mwenye miaka minane, na mimi Zawadi. Papa alikuwa amebaki Bukavu kufuata karatasi zake za kuhamia, na hizo karatasi zilimkimbia miaka mingi. Kila Jumapili baada ya misa tulipanda basi kwenda Laeken kwa Tonton Deo, kaka yake Mama, ambaye alikuwa na kitu ambacho hakuna Mkongo mwingine tuliyemjua alikuwa nacho Brussels: bustani. Nyembamba kama korido, imeishia kwenye reli, lakini bustani. Alifuga kuku saba. Mti mmoja wa cheri. Mboga za lengalenga, mchicha wa kwetu, zilizokuwa zikiota kwa hasira, kama zinajua ziko nchi isiyo yao.

Sasa, jambo la kuelewa ni hili. Nabintu alipewa jina la koko yetu, yaani bibi, mama mzazi wa Mama na Tonton. Kwetu mtu aliyepewa jina lako ni majina wako, yaani wajina, na majina si mtoto wa kawaida. Tonton hakumwita Nabintu hata siku moja kwa jina. Alimwita Mama. Akiingia sebuleni, mtu mzima yule, fundi wa lifti mwenye ndevu, alisimama. Kuku akichinjwa, firigisi, ambayo kwa haki ni ya mwanamume wa nyumba, ilikwenda kwenye sahani ya Nabintu.

"Mama, unaruhusu tule?"

"Mukule," angesema Nabintu, akitikisa miguu isiyofika chini. "Lakini weye Deo, unawe mikono."

Na watu wote wanacheka. Mimi nilicheka pia, nikiihesabia firigisi vipande alivyoikata. Majina wangu mimi alikuwa shangazi mmoja wa Uvira, dada yake Papa, ambaye katika utoto wangu wote alinitumia salamu mbili, na ya pili ilikuwa ya kuuliza kama ile ya kwanza ilifika.

Hata ugonjwa walikuwa wanagawana. Nabintu akipata homa, Tonton alituma ujumbe Bukavu kuuliza kama Koko yuko sawa. Koko akiumwa jino, Mama alimfungua Nabintu mdomo na kuchungulia. Mimi nikiumwa, niliumwa peke yangu.

Bunduki ilikuja kwa sababu ya panya. Walitoka upande wa reli, wakala mayai, halafu wakaanza kula vifaranga. Mzee wa Kibelgiji wa nyumba ya pili, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuona vitu viwili viwili, alimletea Tonton karabini yake ya zamani iliyotengenezwa upande wa Liège, imefungwa ndani ya taulo, pamoja na boksi la risasi. Akasema afadhali Tonton ampige panya mmoja wa kweli kuliko wawili wa macho yake.

Nakumbuka Tonton alivyoifungua ile taulo juu ya meza ya jikoni. Nilikuwa nimeshaona bunduki. Mtoto yeyote wa Bukavu alikuwa ameshaziona: ndefu, nyeusi, zimening'inia kwenye bega la askari aliyekaa kivulini, na ukipita unapunguza sauti bila kuambiwa. Hii haikuwa ya ukoo ule. Kitako chake kilikuwa cha mbao za rangi ya asali, kimelainishwa na mashavu ya watu wa zamani. Mtutu ulikuwa mwembamba kama filimbi. Tundu la mbele lilikuwa dogo kiasi kwamba penseli ya shule iligoma kuingia, nilijaribu. Uzito wake nilikuwa naweza kuubeba kwa mkono mmoja, kama mtoto mchanga aliyeshiba.

Nikaelewa mara moja, na nikaelewa vibaya. Nilidhani bunduki hutengenezwa kwa saizi, kama viatu: kubwa za askari, ndogo za watoto. Na nyumbani kwetu viatu vilikuwa na sheria moja tu. Vinaanza kwa mkubwa, halafu vinashuka kwa mdogo. Donc, yaani basi, hii ilikuwa yangu kwanza.

"Hii haiko ya vita," Tonton alituambia. "Hii ni bunduki ya jikoni. Munaona hii risasi? Milimita sita. Ndani haina ata baruti, ni kale kakofia ka nyuma njo kanapasuka. Ukipiga panya na ile ya askari, inapita panya, inapita banda, inapita ukuta, inatoboa nguo za jirani, na panya mwenyewe haupate cha kuzika. Hii inaingia mu panya, inabakia mule. Ina adabu."

Sumu, akasema, kuku wangeila. Mtego ungeshika paka wa watu. Na sauti? Akatoka nje, akaegemeza mfuko wa mchanga kwenye ukuta wa reli, akaweka kopo la nyanya mbele yake, akapiga. Ilikuwa kama mtu amepiga kofi moja tu, kisha akaghairi. Kopo likaanguka kistaarabu. Kuku hawakuinua hata vichwa. Halafu ikaja ile harufu ya kiberiti, na nilitaka ile bunduki kuliko nilivyowahi kutaka chakula.

"Zawadi, weye unajua kuhesabu. Utachunga risasi."

Nilivimba kichwa kwa dakika kama mbili. Boksi liliandikwa mia moja. Nilizimwaga kwenye sahani: mia na moja, pamoja na ile aliyokwisha kupiga Tonton. Nikahesabu tena: mia na moja. Kiwanda kilikuwa kimekosea, na ile moja ya ziada nikaona imetumwa kwangu binafsi. Nikainua kichwa kumwambia Tonton, nikamkuta amepiga goti kwenye majani, karabini imelala mikononi mwa Nabintu, shavu lake dogo juu ya mbao za asali.

"Polepole, Mama. Pumua. Usivute, finya tu, kama unafinya nyanya ku soko."

Pa. Kopo likaanguka.

"Eeeh! Mumeona mama yangu?" Tonton akapiga kelele hadi treni iliyokuwa inapita ikaonekana kimya.

Zamu yangu ilikuja mwishoni, wakati wali ulikuwa tayari na Mama anaita. Risasi mbili. Nilipiga ukuta, nikapiga mfuko. "Si mbaya," Tonton alisema, akiangalia jikoni.

Niliendelea kuchunga risasi, sasa ndani ya kopo tupu la peremende. Mwenye kuchunga ndiye anayejua kila kitu, na hiyo ndiyo adhabu yake. Baada ya Jumapili sita nilikuwa na hesabu kamili: Nabintu, arobaini na nane, mimi, tisa. Nilipiga hesabu upya nikitumaini nimekosea. Tisa. Nilijaribu mapatano na Tonton: nitaosha banda la kuku, nitapewa tano zaidi. Akasema banda tayari ninaliosha. Nilijaribu na Nabintu: kalamu zangu za rangi kwa zamu yake. Akasema, kwa upole unaoudhi, "Chukua tu zamu yangu, Zawadi. Lakini Tonton njo ananiitaka kila mara."

Angekataa, ningemsamehe.

Siku hiyo, ndani ya basi la kurudi Evere, Mama amekaa mbele na mfuko wa mayai mapajani, nilimwinamia mdogo wangu sikioni.

"Unajua weye hauruhusiwe kupiga bunduki?"

"Juu ya nini?"

"Juu ya majina. Muntu mwenye iko na majina ya muntu muzima, akipiga bunduki, mwenye jina njo anasikia. Risasi inatoka huku, maumivu inaenda kule."

Aliniangalia kwa muda wa vituo viwili.

"Ata nikipiga kopo?"

"Kopo, anasikia kidogo tu. Kama sindano. Kintu chenye damu, sijue."

Sikulipanga, nawaapia. Lilitoka limekamilika, na viungo vyote, kama neno la katekisimu. Na kwa nini asiamini? Maisha yake yote watu wazima walikuwa wakichungulia meno yake kutafuta jino la mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata alisema mkono unamuuma. Nikapewa bunduki. Risasi thelathini mfululizo, mimi peke yangu kwenye majani, na nilijifunza yote ambayo bunduki ndogo inaweza kumfundisha mtu: kwamba haikusukumi bega, donc ukikosa huna wa kumsingizia, kwamba kijino kile cha mbele cha kulengea kinacheza na mapigo ya moyo wako, na lazima umsubiri moyo wako amalize kusema, kwamba tundu linalobaki kwenye kopo ni safi kama la peni. Niliangusha makopo kumi na tisa. Nikageuka kumwonyesha Tonton.

Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Macho yake yalikuwa kwenye mtutu, kama inavyopasa. Lakini mikono yake ilikuwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, anakanda mkono wa Nabintu kidole kimoja kimoja.

"Hapa, Mama? Ao hapa?"

"Kumi na tisa, Tonton!"

"Muzuri, muzuri. Weka chini kwanza. Mama, unataka nikuletee pilipili ya kupaka?"

Nilikuwa na bunduki, na risasi zote, na bustani nzima. Na kumbe kile nilichokuwa nakitaka kilihama na Nabintu, kama joto linavyohama na mtu anapotoka kitandani. Ndiyo mara ya kwanza nilipoona wivu wangu mzima, mbele na nyuma, na badala ya kuuacha nikaushika kwa nguvu zaidi.

Panya mkubwa alikuja Jumapili ya tatu tangu siku ile ya basi. Mchana kweupe, kwenye jua, akapita kando ya banda akielekea kwa vifaranga. Tonton akanipa karabini polepole. Nililenga. Nilitaka sana, na kutaka sana ndiko kunakotikisa mkono. Nikakosa. Nikatia risasi ya pili, nikakosa tena. Panya alishika kifaranga mguu.

"Mama," Tonton akanong'ona, ananichukulia bunduki mikononi na kumpa Nabintu. "Maliza. Risasi moja tu."

Nabintu aliniangalia. Hakumwangalia Tonton, hakumwangalia panya. Aliniangalia mimi, na lile jicho lilikuwa linauliza ruhusa. Kifaranga alikuwa analia. Ningeweza kusema neno moja. Nilikaza macho kwenye kopo la risasi, nikaanza kuhesabu zilizobaki.

Pa.

Panya akalala ubavu. Tonton akambeba Nabintu mabegani, akazunguka naye mti wa cheri, na yeye huko juu alikuwa mweupe midomoni.

Jumanne ujumbe ulifika kupitia mtu aliyetoka Bukavu: Koko ameanguka uwanjani kwake. Yuko kitandani.

Sijui kama mnakumbuka habari zilivyokuwa zinasafiri miaka ile. Zilifika vipande, na kati ya kipande na kipande mtu aliishi siku tatu, nne. Nabintu aliacha kula. Mama alidhani ni huzuni. Nabintu alilala juu ya mkono wake wa kulia, ameukandamiza kwa mwili wote, kama mtu anayemlalia mwizi asikimbie. Alhamisi, tukiwa tunapiga mswaki, aliniuliza kwenye kioo:

"Unawaza risasi ilimuingilia Koko fasi gani?"

Povu lilikuwa mdomoni mwangu. Nilitema, nikatema tena.

"Sijue," nikasema.

Jumamosi Tonton alitupeleka kwenye duka la simu karibu na Flagey. Yalikuwa maduka ya vibanda vya vioo, kila kibanda na mtu anayepiga kelele kwenda nchi yake. Kule Bukavu, jirani mwenye simu alikuwa ameahidi kumbeba Koko hadi dukani kwake saa tisa. Tonton aliingia kwanza, akalia, akacheka, akalia. Mama akaingia. Mimi na Nabintu tulisimama mlangoni, mlango wazi, na sauti ya Koko ilitoka kwenye kipokezi ikiwa nyembamba na ya mbali, kama ndani ya kopo.

"Munipe majina wangu," ilisema. "Majina wangu iko wapi?"

Nabintu alichukua simu kwa mkono wa kushoto.

"Koko," akasema, "ilikuumiza wapi?"

Ukimya ule wa simu za zamani, sauti inakwenda, inarudi.

"Ku goti, mama yangu. Utelezi wa mvua. Kama kila mwaka."

"Haikuwa risasi?"

"Risasi gani?"

"Nilipiga panya na bunduki. Sikutaka. Nikajua inakufikia."

Tonton na Mama waligeuka pamoja. Koko, kule mbali, alikuwa anamuuliza mtu kama amesikia sawasawa. Kisha:

"Nani alikuambiaka bongo ile, ule uongo?"

Nilisubiri. Nabintu hakugeuza hata shingo upande wangu.

"Hakuna muntu, Koko," akasema. "Niliwaza tu miye mwenyewe."

Tonton akajifunika uso. "Mama yangu jamani," akasema, "mutoto ya kichwa namna hii, anawaza mpaka huko," na akaanza kumpapasa nywele, na Mama pia, mikono minne juu ya kichwa kimoja. Na mimi nikaona kilichotokea. Hata uongo wangu ulikuwa umekwenda kwake. Ule uongo ambao niliutengeneza peke yangu, kati ya kituo na kituo, bila msaada wa mtu, sasa ulikuwa akili ya Nabintu.

Ningependa kuwaambia kwamba dhamiri ilinisukuma. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na kila nikilipima linatoka vilevile. Nilipita chini ya mikono yao, nikamnyang'anya simu.

"Ni miye nilisema, Koko! Si yeye! Ni miye nilitunga yote!"

Mama alisema jina langu lote, mpaka la ubatizo. Tonton aliniangalia kama mtu anayenihesabu kwa mara ya kwanza. Nilivuta mlango wa kioo, nikaufunga na mgongo. Nilihesabu hadi nne.

"We nani?"

"Zawadi."

"Zawadi wa Uvira?"

"Apana. Wa hapa."

"Ah, ule wa kuhesabuka." Akakohoa. "Umefanya mubaya. Mama yako atakupiga?"

"Nafikiri."

"Muzuri. Ile bunduki, ni ya namna gani?"

Nilidhani sijasikia. Akarudia. Nikamwambia: ndogo, Koko. Risasi kama punje ya mahindi, ndogo zaidi. Penseli haiingie.

"Inauwa fuko? Fuko bananimalizia viazi."

"Akiwa karibu, inauwa. Hatua kumi, kumi na mbili."

"Na ndege ku mutama?"

"Ndege, bila shaka."

"Na sauti? Juu bunduki za huku, mutoto yangu, zikilia, kuku banaacha kutaga juma nzima. Banakaa tu, banaangalia."

"Haina sauti, Koko. Ni kama kofi moja. Kuku hawageuke hata kichwa."

"Hawageuke?"

"Hata kichwa."

Nikamsikia akiwaeleza watu waliokuwa pale dukani, kwa Kishi, lugha ya kwetu, kitu ambacho nilikielewa nusu: kwamba huko kuna bunduki ambayo kuku haiogopi. Watu wakabisha. Akarudi.

"Bon. Nielezee tena, polepole. Hawaamini."

Nyuma yangu Nabintu alikuwa amebandika uso kwenye kioo, pua imebapa, anagonga kwa kidole kimoja. Alitaka kujua tunaongea nini na majina wake muda wote huo. Nilimsikia vizuri. Nikamgeuzia mgongo zaidi, nikashika simu kwa mikono miwili, nikamwanzishia Koko upya, tangu kwenye ile taulo.